Mlango Mdogo wa Upande wa Mlima

Enzi zetu kanisa lilikuwa na mlango mkubwa wa watu, mlango wa pembeni wa kasisi, na mlango mdogo wa wenye dhambi. Wewe wa rika langu unajua ninachosema, hata kama kanisa lenu halikuwa na mlango wa tatu. Basi lilikuwa na benchi la nyuma. Dhambi siku zile ilikuwa na mahali pake pa kukaa.

Nayaandika haya nikiwa Al Quoz, Dubai, katika chumba cha vitanda vya kupandana na kiyoyozi kinachokohoa kama mzee wa tumbaku. Nimezunguka sana. Nimekaa Mombasa, nikakaa Kisumu, nikajaribu Doha, na sasa nasimama mlangoni mwa jengo refu jipya kule Al Jaddaf, nikiwafungulia watu wanaoingia na kuwaaga wanaotoka. Ghorofa ya tisa ya jengo hilo anaishi madam mmoja Mwingereza, mjane, mtu wa maneno mengi na mbwa mdogo. Siku moja alinipa kalenda ya mwaka uliokwisha. Kila mwezi ulikuwa na picha ya kanisa tofauti la vijiji vya kwao. Niliitundika juu ya kitanda changu, nikafungua ukurasa baada ya ukurasa, na nilipofika mwezi wa Mei nikaishia hapo. Kanisa la Mei lilikuwa la kwetu. Sisemi lilifanana na la kwetu. Nasema lilikuwa lenyewe, ila limezungukwa na kondoo wanono badala ya mbuzi wa Mzee Josfati.

Brayo, kijana wa Nairobi anayelala kitanda cha juu yangu, aliinamisha kichwa kutazama.

"Mzee, unataka kuniambia hapo ni kwenu?"

"Ni kwetu, chini ya Mlima Kenya."

"Na huo mnara una meno kama ngome. Mlikuwa mkipigana na nani?"

"Na shetani."

"Mlishinda?"

"Tulitoka sare."

"Na ndani kulikuwa na kibodi? Drams?"

"Kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na Mwalimu Samweli alikikanyaga kama mtu anayepanda kilima kwa baiskeli."

Brayo akanihurumia, akarudi kwenye simu yake. Kijana wa leo ukimwambia jengo limesimama mahali pamoja tangu enzi za babu yako, anadhani limekwama.

Kanisa letu lilijengwa na mhubiri Mzungu ambaye babu zetu walimwita Bwana Rula, kwa sababu hakuachana na rula yake hata alipokuwa anakula. Alikuja na kanisa zima kichwani, lile la kijiji alichozaliwa, na akaapa kulisimamisha tena kwetu bila kupunguza kitu. Mawe yalichimbwa bondeni, yakapandishwa kwa mabega. Palikuwa na mnara wa mraba wenye kengele, na juu ya mnara jogoo wa chuma anayezunguka na upepo. Palikuwa na kibaraza mbele ya mlango mkubwa, na mabenchi ya mawe huku na huku, ambapo wazee walikaa kusengenya kabla ya ibada. Madirisha yalikuwa membamba, yamechongoka juu kama viganja vya mtu anayesali. Ukiingia tu ulikutana na birika la ubatizo, jiwe moja zito lililochongwa likawa kama kinu, na ukitazama mbele uliona nguzo zimejipanga kukuongoza hadi ngazi za madhabahu.

Paa ndilo lililotuchekesha. Lilikuwa na mwinuko mkali hata ndege walikuwa wakiteleza. Babu alisema mafundi walimwuliza Bwana Rula kwa nini paa lisimame wima hivyo, naye akawajibu, ili theluji iteremke. Theluji tuliiona kila asubuhi kule kileleni mwa mlima, nyeupe na mbali, kama jirani tajiri asiyetembelea watu. Sisi watoto tuliamini siku moja itakuja, maana mtu mzima hawezi kujenga paa zima kwa ajili ya mgeni ambaye hakualikwa.

Pembeni mwa mnara Bwana Rula alitaka sura za kutisha za mawe, za kutema maji ya mvua. Mafundi wakamwuliza sura ya kutisha ni ipi. Akawaambia wachonge mtu wanayemwogopa. Wakamchonga karani wa kodi. Wakamchonga mama mkwe wa mmoja wao, na inasemekana alipojiona alirudisha mbuzi mmoja wa mahari kwa hasira. Ya tatu walimchonga Bwana Rula mwenyewe, pua na yote, na alikaa chini ya sura hiyo akinywa chai miaka mingi bila kujitambua.

Mvua ikinyesha tulivua mashati tukapanga foleni chini ya karani wa kodi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na maji mengi. Jua likiwaka tuliteleza juu ya zile kuta nene za mshazari zilizoegemea kanisa nje, kama watu wanaosukuma gari lililokufa. Kaptula zetu zote zilikuwa na madirisha mawili nyuma. Mama alikuwa akinishonea kiraka huku akisema, "Wewe teleza tu. Tutaona kati ya ukuta na makalio yako ni kipi kitakwisha kwanza."

Na Jumapili yenyewe. Kunawishwa uso kwa maji ya baridi, kupakwa mafuta hadi ung'ae kama sufuria mpya, viazi vitamu na chai ya maziwa yenye moshi, kisha safari ya miguu huku viatu umevibeba mkononi usivichafue. Ndani ya kanisa palikuwa na harufu ambayo sijaikuta popote tena: nta ya mishumaa, sweta zilizolowa umande, na mavi ya popo kutoka mnarani. Niletee harufu hiyo leo kwenye chupa, nitaipaka kabla ya zamu.

Sasa nirudi kwenye mlango mdogo. Ulikuwa ukutani upande wa kaskazini, unaotazama mlima. Ulikuwa mfupi na mwembamba, wa mbao nene, na ulifungukia kwenye benchi la mwisho. Bwana Rula aliuweka kwa sababu kanisa la kwao lilikuwa nao, na alipoondoka hakumwachia mtu maelezo. Wazee wakakaa wakafikiri. Mlango huu ni wa nini? Hawakupenda kupoteza kitu kilichochongwa kwa jasho, basi wakaupa kazi. Mtu aliyetengwa na meza ya Bwana, aliyeoa mke wa pili au aliyelewa au aliyepigana sokoni, aliingia kwa mlango mdogo, akakaa benchi la nyuma, na hakuruhusiwa kupita birika la ubatizo kwenda mbele. Akitubu mbele ya watu, alirudishwa mlango mkubwa kwa wimbo. Asipotubu, aliinama kila Jumapili akipita pale, maana mlango ule haukumwacha mtu mzima apite amenyooka.

Baba yangu alikuwa mtu mrefu.

Alitengwa mwaka ambao dada yangu Wanja, kifungua mimba wetu, alichumbiwa. Alichumbiwa na mwalimu wa ng'ambo ya mto, kijana mpole mwenye suruali pana. Wazee wa upande wake walikuja kuzungumza mahari, wakakaa, wakasalimiana, wakangoja. Mama akaleta chai. Wakaitazama. Mmoja akasema kwa upole, "Baba Wanja, tunakuheshimu. Lakini msichana mzuri hivi tumzungumze kwa chai?" Kwa mila yetu, mahari bila muratina, ile pombe ya asali, ni kama sahihi bila wino. Na kwa kanisa letu, kupika muratina ni kujifungia nje mwenyewe. Kila mzazi wa wasichana alijua atafika kwenye njia panda hiyo. Wengi walipika kwa siri, wakamsingizia jirani. Baba alipika mwenyewe, mchana kweupe, na harufu ikamfikia Mzee Josfati kabla ya pombe kuiva.

Mzee Josfati alikuwa mkuu wa wazee wa kanisa. Alikuja na wenzake wawili, wakasimama uani.

"Baba Wanja, suala lenyewe ni dogo. Simama Jumapili, sema umetubu, tuimbe, tuishe."

"Nitasema nimetubu," Baba akajibu, "na Nyawira akichumbiwa?"

"Hayo ni ya mbele."

"Na Wairimu? Na huyu mdogo wa mgongoni? Mzee, nina mabinti wanne. Mnataka niwe nikipanda na kushuka kama ndoo ya kisima? Afadhali nikae nyuma huko huko, nikimaliza kuoza nitatubu yote kwa pamoja."

"Toba ya jumla hakuna."

"Basi tusidanganyane kwa rejareja."

Mama alicheka kwa siri jikoni, kisha akalia waziwazi, maana alikuwa ameona kilichokuwa mbele yetu. Harusi ya Wanja ilikwisha kutangazwa kanisani. Baba aliyetengwa hawezi kuingia mlango mkubwa, hawezi kupita birika. Nani atamshika binti yake mkono? Wazee wakapendekeza Mjomba Tito, kaka yake Mama, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi na kurudi na viatu vya kisigino. Mjomba Tito alikunywa kuliko kijiji kizima, lakini alikunywa ya chupa na alikunywa mbali. Dhambi yake ilikuwa na kizibo.

Baba aliendelea kukata nyasi za ng'ombe. Lakini suti aliyoazima kwa ajili ya siku hiyo aliirudisha kwa mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu mzima akikosa kitu anachokitaka kwa moyo wote, na mimi niliyezoea kudhani watu wazima hupata kila kitu, nikaogopa.

Jumamosi mbili kabla ya harusi, tukiwa tunamenya mahindi uani sisi sote, Wanja alinyanyua kichwa.

"Baba, kaiazime tena ile suti."

"Ya nini?"

"Ya kunipeleka."

"Mwanangu, mlango wangu unaujua."

"Sikukuuliza habari za mlango."

Mama akaacha mahindi. "Wanja. Gauni lile halipiti pale."

Kesho yake baada ya ibada nilimwona Mama amebaki nyuma, ati anaokota mabaki ya mishumaa. Alikuwa anapima mlango mdogo kwa uzi. Jioni alifumua gauni la kuazima pande zote mbili, akatoa ule waya wa ndani uliolifanya lipanuke, na mimi na wenzangu tukautumia kuendeshea tairi hadi ukakatika. Kwa hiyo hata ningetaka kusahau harusi ile, miguu yangu iliyokimbia na waya ule bado inaikumbuka.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa hadi kibarazani. Mjomba Tito alisimama mlango mkubwa na ua kifuani, akichungulia njia. Mwalimu Samweli akakanyaga kinanda, watu wote wakainuka na kugeuza shingo kuelekea mlango mkubwa. Kinanda kikapiga, kikarudia. Mlango ukabaki wazi, na ndani yake akiwa Mjomba Tito peke yake, anatabasamu kama mtu aliyekosa basi.

Watoto hawageuzi shingo watu wakisema wageuze. Mimi nilikuwa nikitazama kule kwingine, kwa benchi la nyuma, kwa sababu Nyanya Rahabu alikuwa amekaa hapo, aliyetengwa kwa ugoro, na kila harusi alinipa peremende. Nikauona mlango mdogo ukisukumwa. Kikaingia kichwa cha Baba, kimeinama. Halafu mkono wake, umerudi nyuma. Halafu Wanja, ameinama naye, shela amelikusanya kwapani kama mtu anayepita chini ya waya wa shamba. Wakanyooka pamoja. Nyuma yao, kwa ule upenyo, niliona mlima wote na theluji yake.

Nyanya Rahabu akapiga vigelegele. Waliotengwa wote wakasimama kuwapisha, mlevi na mwenye wake wawili na yule mama aliyempiga mwenzake sokoni, wakipanguza benchi, wakishika ncha za gauni lisiguse vumbi. Hakuna bibi arusi wa kijiji chetu aliyekuwa na wasimamizi wengi kama hao. Ndipo kanisa zima likageuka, shingo moja baada ya nyingine, kama mahindi kwenye upepo.

Mzee Josfati alisimama. "Kasisi. Hili halijawahi kutokea."

Kasisi wetu aliitwa Elifasi, mtu mnene aliyesema polepole. "Mzee, sheria yenu inasema aliyetengwa aingie mlango upi?"

"Mdogo."

"Ameingia upi?"

"Mdogo. Lakini bibi arusi."

"Bibi arusi hatukumwekea sheria. Kaa, Mzee. Unazuia watu wasione."

Baba akatembea na Wanja hadi kwenye birika la ubatizo. Hapo akasimama. Hakuvuka hata kidole cha kiatu. Mbele yao palikuwa na urefu wote wa kanisa, nguzo zote zile, na bwana arusi mdogo kule mwisho, anajifuta jasho. Mtu aliyekataa kusema uongo wa toba hakutaka pia kuvuka mpaka. Mjomba Tito akajongea kuchukua mkono wa Wanja, Wanja akauficha mgongoni.

Basi Kasisi Elifasi akashuka. Akashuka ngazi za madhabahu, akapita nguzo moja moja, kitabu mkononi, kanzu ikiburuta, na alipompita bwana arusi akamshika kiwiko akaja naye. Alitembea polepole kama alivyosema. Akafika kwenye birika, akapumzika kidogo, akafungua kitabu, akauliza hapo hapo, karibu na benchi la waliotengwa: nani anayemtoa mwanamke huyu aolewe?

"Mimi," Baba akasema. "Baba yake."

Sauti yake ilipasuka katikati. Nilidhani ana mafua.

Yaliyofuata mtaniambia ninatia chumvi, lakini waulizeni watu wa kwetu. Bibi arusi wa mwezi uliofuata, binti wa familia ambayo haijatengwa hata siku moja, alikataa mlango mkubwa. Alitaka kuingia kama Wanja. Na aliyemfuata pia. Wasichana wakaanza kusema bibi arusi wa mlango mkubwa ni kama anaingia sokoni. Mjukuu wa Mzee Josfati mwenyewe alipita mlango mdogo, na Mzee, ambaye mgongo ulikuwa umeshaanza kumpinda, alipita nyuma yake bila hata kuhitaji kuinama. Baba alirudishwa kundini miaka mingi baadaye, Nyawira, Wairimu na yule wa mgongoni walipokwisha kuolewa. Walimwimbia wimbo. Jumapili iliyofuata akaingia tena kwa mlango mdogo. Mama alipomwuliza, alisema amezoea, na kule hakuna msongamano.

Niliisimulia hadithi hii kwa madam wa ghorofa ya tisa, tukiwa tunangoja mbwa wake amalize shughuli zake bustanini. Akaniuliza mlango wenyewe ulikuwa upande gani. Nikamwambia kaskazini. Akaziba mdomo. Kwao, akasema, wazee wa zamani walisimulia kwamba mlango wa kaskazini uliachwa wazi mtoto anapobatizwa, ili shetani akimtoka apate njia ya kuondokea. Baadaye milango mingi hiyo ilizibwa kwa mawe, asije akarudi.

"Na nyinyi mliutumia kwa kazi gani?" akaniuliza tena, kuhakikisha.

"Kuingizia mabibi arusi, madam."

Alicheka hadi mbwa akaanza kubweka.

Siku hizi Jumapili yangu ni Ijumaa, siku ya mapumziko ya huku. Tunasali katika ukumbi tunaopokezana: Wahindi wakitoka, Wafilipino wanaingia, wakitoka wao ndiyo zamu yetu, na mlinzi anasema yalla, yalla, wengine wanangoja. Paa ni bapa. Milango ni ya kioo, inajifungua yenyewe ukikaribia, haiulizi umefanya nini wiki nzima. Vijana wanapenda hivyo. Brayo anasema kanisa la kutenga watu lilikuwa la ushamba, khalas, yamekwisha, Mungu si polisi. Na hajakosea. Nimewaona walioumizwa na benchi lile, na wengine hawakuwa na binti wa kuwashika mkono.

Lakini nitawaambia ninyi wa rika langu, kwa sababu Brayo hatanielewa. Mwaka huu nilikosa ibada wiki nyingi mfululizo. Kwanza zamu, halafu uvivu, halafu mambo ambayo kwa kina Mzee Josfati yangenipeleka nyuma moja kwa moja. Niliporudi, mlango wa kioo ukafunguka. Nikatafuta kiti, nikakaa, nikaimba. Hakuna aliyegeuza shingo. Kiti cha kando yangu alikaa kijana nisiyemjua, akanipa mkono, akaniambia karibu, mgeni. Mimi ambaye nimesali katika ukumbi ule tangu kabla hawajaanza kujenga nguzo za treni kuelekea Rashidiya.

Kwetu, ili utengwe, ilibidi kwanza watu wazima watatu wajue unakaa wapi, umepika nini, na una mabinti wangapi. Ilibidi mtu atoke kwake kwa miguu, asimame uani mwako, agombane nawe. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki hadi ibada ikaisha, nikimngoja Mzee Josfati yeyote, wa taifa lolote, aje aniambie, wewe, tumesikia habari zako, nenda nyuma. Ningeenda mbio.